qnm, maktaba ya Python ya modi za shimo jeusi: inafaa wapi, na wapi haifai kuulizwa

Swali la uthabiti wa shimo jeusi huanza na alama moja. Chukua msukosuko mdogo wa nyanja ya mvutano unaobadilika na wakati kama e^(-iωt), kisha tafuta ω, ambayo ni namba changamano; kila ω inayokubalika ni modi moja, yaani mlio mmoja wa shimo. Sehemu dhahania ya ω ikiwa hasi, msukosuko unafifia na shimo linatulia. Ikiwa chanya, msukosuko unakua, na umbo ulilodhani ni la kudumu litabadilika. qnm ni programu huria iliyotolewa na Leo Stein mwaka 2019 chini ya leseni ya MIT. Inakokotoa ω hizo kwa shimo linalojizungusha, yaani shimo la Kerr, na kwa kazi hiyo ndiyo ya kwanza tunayompendekezea mtafiti au mwanafunzi wa shahada ya juu. Ni ndogo, ina kasi, na namba zake zinakubaliana na majedwali ya zamani hadi tarakimu za mwisho za majedwali hayo. Tatizo liko kwa wanaoitumia: mara nyingi matokeo yake hunukuliwa kama ushahidi kwamba shimo ni thabiti. Hayabebi uzito huo, na kwa nyuzi nyeusi na brana, yaani mashimo meusi yaliyonyooshwa kwenye vipimo vya ziada, hayana la kusema kabisa.

Kuiweka ni amri moja, pip install qnm, au conda install -c conda-forge qnm kwa wanaotumia Conda. Inategemea NumPy na SciPy, na hutumia Numba kuharakisha mizunguko ya ndani. Kwa sababu ya Numba, mwito wa kwanza huchelewa wakati msimbo unatafsiriwa kuwa lugha ya mashine, kwa hiyo usipime kasi kwa mwito huo. Baada ya kuiweka, endesha qnm.download_data() mara moja. Hatua hii huleta modi zilizokwisha kukokotolewa kwa mfululizo wa thamani za mzunguko. Ukiiruka, maktaba itajenga kila mfululizo kuanzia sifuri unapouomba. Inaweza, ila utasubiri.

Matumizi ya kawaida ni mistari mitatu:

import qnm
modi = qnm.modes_cache(s=-2, l=2, m=2, n=0)
omega, A, C = modi(a=0.68)

Hapo s ni aina ya nyanja (-2 kwa mvutano, -1 kwa sumakuumeme, 0 kwa skala), l na m ni namba za pembe, n ni ngazi ya modi, na a ni mzunguko usio na vipimo, kuanzia 0 hadi chini ya 1. Jibu ni ω = 0.52398 - 0.08151i. Ukipitisha interp_only=True unapata thamani ya kukadiria kati ya alama zilizohifadhiwa bila kuisafisha upya. Hiyo inafaa unapochora mkunjo wenye alama nyingi, lakini usiitumie katika jedwali la makala.

Kilicho ndani ndicho kinachoipa maktaba hii heshima yake. Mlinganyo wa Teukolsky wa mwaka 1973 hugawanyika sehemu mbili, ya pembe na ya umbali, zilizofungwa pamoja na ω yenyewe na namba ya utengano A. Kwa upande wa umbali, qnm inafuata njia ya Leaver ya mwaka 1985: suluhisho huandikwa kama mfululizo ambao vigawo vyake vinahusiana vitatuvitatu, na sharti la mawimbi kuingia kwenye upeo wa tukio (mpaka wa shimo) na kutoka kuelekea mbali hugeuka kuwa sehemu ya ngazi, yaani sehemu ambayo chini ya mstari wake ina sehemu nyingine, na nyingine tena. Thamani ya ω inayoifanya ngazi hiyo iwe sifuri ndiyo modi. Kwa upande wa pembe, inatumia njia ya spektra ya Cook na Zalutskiy ya mwaka 2014: nyanja hupanuliwa kwa vitendakazi vya tufe, na A inakuwa thamani ya mhimili (eigenvalue) ya matriki ndogo. Faida ya njia hii ni kwamba vigawo vya mchanganyiko, C, huja bure pamoja na jibu.

C hizo hupuuzwa na wengi, na ni hasara. Mawimbi ya uigaji wa migongano huandikwa kwa vitendakazi vya tufe, ilhali modi za Kerr zina umbo la tufe lililobonyea. Ndiyo maana katika data ya uigaji sehemu ya (3,2) hubeba mlio wa modi (2,2), na mtu asiyejua hudhani amepata modi mpya. Vigawo vya C vya modi (2,2) vinakwambia uvujaji huo unapaswa kuwa mkubwa kiasi gani. Zingatia kwamba safu ya C huanza na l ndogo kuliko zote inayoruhusiwa, ambayo ni kubwa kati ya |s| na |m|. Kwa s = -2 na m = 2, C[0] ni ya l = 2 na C[1] ni ya l = 3. Kwa m = 3, C[0] ni ya l = 3. Fanksheni qnm.angular.ells hutoa orodha sahihi ya l. Itumie badala ya kuhesabu kwa kichwa.

Kabla ya kuamini usakinishaji wowote, linganisha na thamani za a = 0. Modi ya msingi ya mvutano, l = 2 na n = 0, iwe 0.37367 - 0.08896i, na A yake iwe 4 kamili, kwa kuwa pasipo mzunguko A = l(l+1) - s(s+1). Modi inayofuata, n = 1, iwe 0.34671 - 0.27391i. Kwa sumakuumeme, l = 1, n = 0, utarajie 0.24826 - 0.09249i. Namba zikikosana kwa mara mbili kamili, shida si maktaba. Leaver aliandika majedwali yake kwa vizio ambavyo 2M = 1 (M ni uzito wa shimo), kwa hiyo kwake modi ya kwanza ni 0.747343 - 0.177925i; qnm inatumia M = 1. Kosa hili limeingia kwenye tasnifu nyingi kuliko inavyostahili. La pili kwa wingi ni n: hapa inaanza na 0, ilhali katika maandiko ya zamani modi ya msingi ni namba 1. La tatu ni alama: kwa anayetumia e^(iωt) modi zinazofifia zina sehemu dhahania chanya, na hapo mtu anaweza kutangaza kutothabiti ambako hakupo. Na unapotaka modi inayozunguka kinyume cha shimo, badilisha m iwe hasi, usibadilishe a.

Kugeuza namba hizi kuwa hezi na sekunde ni rahisi, ila maktaba haikufanyii. GM/c³ ya Jua ni mikrosekunde 4.925. Zidisha kwa uzito wa shimo katika vizio vya Jua, upate T. Frikwensi ni sehemu halisi ya ω gawanya kwa 2πT, na muda wa kufifia ni T gawanya kwa ukubwa wa sehemu dhahania. Shimo lisilozunguka lenye uzito wa Jua 10 linatoa takriban hezi 1,207 na kufifia kwa milisekunde 0.55. Kwa tukio la mawimbi ya mvutano la tarehe 14 Septemba 2015, weka uzito wa Jua 68 kama unavyoonekana kwenye vigunduzi, na a = 0.68, utapata hezi 249 na milisekunde 4.1. Ukisahau kuzidisha uzito wa chanzo kwa (1+z), ambapo z ni kiasi cha mawimbi kunyooka kwa sababu ya upanukaji wa ulimwengu, frikwensi itakuwa juu kuliko iliyopimwa na utalaumu modi bure.

Maktaba huanza kupungukiwa pembeni. Kadiri a inavyokaribia 1, sehemu dhahania ya modi (2,2) hupungua: kwa a = 0.99 ω ni takriban 0.87 - 0.03i, na kwenye ukomo wenyewe sehemu halisi huelekea m/2. Huko ngazi ya Leaver huhitaji vidato vingi zaidi ili itulie, na modi nyingi husongamana karibu na thamani hiyohiyo, hivyo mtafutaji wa sufuri anaweza kuruka kutoka modi moja hadi jirani yake bila onyo. Songa kwa hatua ndogo za a, ongeza Nr (idadi ya vidato vya ngazi), na uchore ω kwenye bapa changamano: mkunjo ukivunjika ghafla, umeruka. Hatari nyingine iko kwenye n = 8 kwa l = 2. Pasipo mzunguko modi hiyo hukaa karibu kabisa na -2i, juu ya mhimili dhahania ambako njia ya Leaver haina uhakika, na mzunguko ukiingia hugawanyika kuwa zaidi ya tawi moja. Kwa kazi ya kawaida usifike huko.

Sasa suala la uthabiti. Chora modi zote za qnm kwa kila a chini ya 1 na kila moja itaangukia nusu ya chini ya bapa. Wengi huishia hapo. Lakini fikiria jinsi zilivyopatikana: maktaba huanza na modi zinazojulikana za a = 0, zote zinazofifia, kisha huzifuata hatua kwa hatua. Modi inayokua ambayo haikuunganishwa na mifululizo hiyo isingeonekana hata kama ingekuwepo. Tunajua kwamba haipo kwa sababu Whiting alithibitisha hivyo mwaka 1989 kwa njia ya kihesabu isiyohitaji kompyuta. Kwa shimo lisilozunguka kazi ilianzia kwa Regge na Wheeler mwaka 1957, ikaendelezwa na Vishveshwara na Zerilli mwaka 1970, na Kay na Wald wakafunga mwanya wa tabia kwenye upeo wa tukio mwaka 1987.

Anayetaka kuijaribu nusu ya juu mwenyewe anaweza kuzitumia moja kwa moja moduli za ndani, ya pembe na ya umbali. Chora mstatili uliofungwa juu ya mhimili halisi, ukijumuisha eneo la 0 hadi mΩ_H (Ω_H ni kasi ya mzunguko wa upeo wa tukio) ambako shimo huweza kuongezea wimbi nguvu badala ya kulimeza. Kwa kila alama ya mstatili kokotoa A kwanza, ukimpa mkokotozi c = aω, kisha thamani ya ngazi. Hesabu mara ngapi thamani hiyo inazunguka sifuri. Jibu ni idadi ya sufuri kutoa idadi ya vilipuko vya kitendakazi (alama ambazo thamani yake inakuwa kubwa bila kikomo), na ngazi ya Leaver inaweza kuwa na vilipuko, kwa hiyo jibu la 0 peke yake halitoshi: rudia kwa mgeuzo mwingine wa ngazi na uone kama linabaki lilelile. Weka alama kwa msongamano zaidi karibu na mhimili halisi, kwa kuwa huko pembe hubadilika haraka na kuruka kwa 2π hupotea kirahisi.

Hata modi zote zikififia, bado kuna mambo ambayo orodha ya ω haielezi. Baada ya mlio kuisha hubaki mkia unaopungua kama t^-(2l+3), aliouonyesha Price mwaka 1972. Huo hauko katika orodha. Shimo lililofikia a = 1 lina hali ya ajabu iliyoonyeshwa na Aretakis: nyanja yenyewe hufifia, lakini minyambuliko yake ya kuvuka upeo wa tukio haifanyi hivyo, na ile ya juu hukua na wakati. Modi za ngazi ya juu nazo husogea sana potenshali (kizuizi ambacho mawimbi hukutana nacho karibu na shimo) ikibadilishwa kidogo mno, jambo lililoonwa na Nollert mwaka 1996 na kuchunguzwa upya na Jaramillo na wenzake mwaka 2021. Tarakimu kumi za n = 5 zinazotoka qnm ni sahihi kwa mlinganyo safi; kwa shimo lenye vumbi pembeni si tarakimu za kutegemea. Uthabiti wa milinganyo kamili ya Einstein, isiyo ya mstari, ni shughuli nyingine kabisa. Kazi ya Dafermos, Holzegel, Rodnianski na Taylor juu ya Schwarzschild, yaani shimo lisilozunguka, ilitoka mwaka 2021, na ya Klainerman na Szeftel juu ya Kerr inayozunguka polepole ilianza kutoka mwaka huohuo.

Kerr ina kutothabiti kwa kweli ambako qnm haikuoni, kwa kuwa inashughulikia nyanja zisizo na uzito pekee. Nyanja ya skala yenye uzito μ hunaswa kuzunguka shimo na kuongezewa nguvu kila inapopita. Detweiler aliikokotoa mwaka 1980, na Dolan mwaka 2007 alipata kasi ya juu ya ukuaji ya takriban 1.5×10^-7 katika vizio vya 1/M, kwa a = 0.99 na Mμ karibu 0.42. Ukitaka hizo, andika ngazi ya Dolan mwenyewe. Usijaribu kuingiza μ kwa hila ndani ya qnm: uhusiano wa vigawo unabadilika, na tabia ya wimbi mbali na shimo nayo inabadilika.

Kwa uzi mweusi, yaani Schwarzschild iliyonyooshwa kwenye kipimo cha tano z, maktaba haina mlango kabisa, na huko ndiko kutothabiti kunakojulikana zaidi kuliko kote. Gregory na Laflamme walionyesha mwaka 1993 kwamba mikunyato mirefu kando ya uzi hukua. Msimbo wake si mrefu na mtu mwenye bidii anaweza kuuandika. Weka msukosuko wenye e^(Ωt + ikz), ambapo Ω sasa ni kasi ya ukuaji, chagua geji (namna ya kuandika msukosuko) isiyo na dayavajensi wala jumla ya mhimili (trace), upunguze milinganyo hadi mmoja wa daraja la pili kwa h_tr, kijenzi cha msukosuko cha wakati na umbali. Karibu na upeo wa tukio r0, suluhisho mbili zinakwenda kama (r - r0)^(-1 ± r0Ω). Hapa ndipo wengi hukwama: Ω ikiwa ndogo zote mbili zinalipuka, na macho hayatofautishi. Chukua ile ya jumlisha. Kwa viwianishi vinavyovuka upeo ndiyo iliyo laini. Mbali, dai e^(-r√(Ω² + k²)). Toa tabia hizo mbili nje kama vizidishi kabla ya kugusa kompyuta, badili kiwianishi kuwa y = 1 - r0/r, na tumia gridi ya Chebyshev. Kupiga (shooting), yaani kutatua mlinganyo kutoka ncha moja hadi nyingine, kunawezekana pia, lakini ukianzia kwenye upeo na kuelekea mbali, sehemu inayolipuka humeza jibu; anza ncha zote mbili na ukutanishe katikati.

Majaribio ya msimbo huo yako mawili, moja kila mwisho wa mkunjo. Kwa k kubwa, Ω lazima ifike 0 kwenye k·r0 = 0.876. Thamani hiyo ilikuwa imejificha katika kazi ya Gross, Perry na Yaffe ya mwaka 1982: modi hasi ya Schwarzschild ya Euclid (yenye wakati dhahania) ina thamani -0.19/M², na kwa r0 = 2M mzizi wake ndio 0.876. Kwa k ndogo, Ω/k ikaribie 1/√2, takriban 0.707, kwani kwa mawimbi marefu uzi hufanya kama kioevu chenye mraba wa kasi ya sauti wa -1/2. Msimbo ukipita jaribio la kwanza na kushindwa la pili, kwa kawaida gridi haijafika mbali vya kutosha, kwa maana mkia wa e^(-kr) ni mrefu k ikiwa ndogo. Ukipata Ω isiyo sifuri kwenye k = 0, umeshika modi ya geji, si ya fizikia; itupe.

Kutokana na 0.876 unapata urefu wa mpaka: uzi uliofungwa kwenye duara fupi kuliko takriban 7.17·r0 hauna nafasi ya mkunyato unaokua, na ni thabiti kwa msukosuko huu. Mrefu zaidi ya hapo hukunyata, na uigaji wa Lehner na Pretorius wa mwaka 2010 ulionyesha mnyororo wa vifundo vya tufe vilivyounganishwa na nyuzi zinazozidi kuwa nyembamba, hatua baada ya hatua, kuelekea kukatika katika muda usio wa milele.

Kwa brana zenye chaji usikimbilie msimbo kabla ya kukokotoa joto maalumu. Gubser na Mitra walipendekeza mwaka 2000 kwamba brana nyeusi yenye ulinganifu wa kusogezwa haina uthabiti pale tu thermodinamiki yake ya mahali inapokosa uthabiti. Reall alieleza sababu mwaka 2001 kwa kupitia modi hasi, na Hollands na Wald mwaka 2012 waliipa hoja hiyo msingi imara kwa kutumia nishati ya kikanuni. Kwa D3 nyeusi, brana yenye chaji iliyonyooka katika vipimo vitatu, iliyo karibu na ukomo wa chaji, joto maalumu ni chanya, na modi ya Gregory na Laflamme haipo. Mifano pinzani ilipatikana mwaka 2005 kwa brana zenye nyanja za skala, kwa hiyo upande wa "joto maalumu chanya, basi salama" ndio wa kuangalia kwa msimbo. Upande wa "hasi, basi inakua" una nguvu zaidi.

Kwa mlio wa Kerr, kulinganisha na data za vigunduzi, kusafisha modi za uigaji, au kufundisha, weka qnm leo na uandike kwenye makala yako toleo, vizio na alama ulizotumia. Kwa Kerr-Newman (shimo linalozunguka lenye chaji), Myers-Perry (shimo linalozunguka katika vipimo zaidi), anga ya anti-de Sitter (yenye mkunjo hasi), nyanja zenye uzito au brana yoyote, andika msimbo wako, na anza na uzi wa vipimo vitano, kwa kuwa ndio wenye majibu mawili yanayojulikana ya kujipimia.